Ukuta Uliojibu Salamu

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi ile ya mvua ng'ombe wetu walipokataa kupita kando ya ukuta wa chumba cha nyuma. Ng'ombe si mjinga. Ukimwona amekaza miguu ya mbele, masikio kayaelekeza kwenye kitu usichokiona, usimpige, kaa naye utazame. Mimi sikutazama. Nilikuwa mkamwana mgeni pale Bariadi, bado naona haya hata kutafuna mbele ya mama mkwe, nikaokota fimbo nikawachapa. Wakageuka kundi zima, wakazunguka nyumba kwa upande wa pili. Tangu siku ile wakawa wanazunguka, na njia ya ukutani ikaota majani.

Nakuandikia haya kwa sababu nimesikia umeachiwa nyumba ya shangazi yako kule Nyalikungu, na fundi umeme kakwambia kuta zipasuliwe, waya zote za zamani zitoke, ziwekwe mpya. Na wewe unasita. Unasema taa si zinawaka? Tena shangazi alizipenda kuta zake. Basi ngoja nikueleze habari za kuta zinazopendwa.

Nyumba tuliyokaa, baba mkwe aliinunua kwa mfanyabiashara mmoja wa pamba, Mwislamu mpole sana, aliyekuwa na jenereta yake enzi ambazo mji mzima ulilala na vibatari. Mkewe alipika visheti ambavyo mpaka leo, haya, nitapotea. Yeye ndiye aliyelaza waya ndani ya kuta akazipiga plasta juu, bila paipu wala nini. Umeme wa mji ulipofika ukaunganishwa kwenye waya zile zile, watu wakashangilia. Nani aliuliza umri wa waya? Ng'ombe tunamtazama meno. Waya hauna meno.

Baba mkwe, mzee Jilala, alifia katika kile chumba cha nyuma kabla mimi sijaolewa. Nilipojifungua mtoto wa kiume akapewa jina lake, maana kwetu jina la mzee haliachwi lilale chini. Na mama mkwe wangu, Mayu Minza, kwetu mayu ndiyo mama, kila alfajiri alitoka nje akamimina maji yenye unga wa mtama chini ya ukuta ule, akamsalimia mumewe. Siku za jua hapakuwa na neno. Mvua zilipokolea, asubuhi moja akaweka kiganja ukutani, akaruka.

"Masanja!" akamwita mume wangu. "Baba yako amenishika mkono!"

Alikuwa analia na kucheka pamoja. Nami nikaenda nikaugusa. Mwanangu, ilikuwa kama siafu wanapanda ndani ya mfupa. Vinyweleo vya mkono vikasimama, mdomoni nikapata ladha ya sarafu. Nikasema moyoni, huyu mkwe ambaye sikuwahi kumwona, kumbe yeye ananiona.

Na kila Mayu alipomimina, ukuta ulishika zaidi. Hapo ndipo tulipopotelea. Watu wengine wangekimbia, sisi tuliongeza maji. Ukiita ukaitikiwa, utaacha kuita? Maji yakawa maziwa. Majirani wakaanza kuja kusalimia, na kwa heshima wakavua viatu, wakasimama miguu mitupu kwenye lile tope. Kila aliyeshikwa alirudi kwake ananong'ona. Ukipita pale mchana ulisikia kama mtu anavuta ugoro polepole ndani ya tofali. Wakati mwingine nasema ilikuwa mvua inachuruzika. Wakati mwingine sisemi.

Kisha ndama. Tulikuwa na ndama mwekundu aliyependa kulamba plasta, nadhani kwa chumvi yake. Mchana mmoja mvua imekatika tu, nikamwona amesimama, ulimi umegusa ukuta, hatikisiki. Nikadhani anafikiri. Halafu akaanguka kiubavu, macho wazi. Mama yake kule zizini akalia mara moja, akanyamaza. Kunyamaza kule ndiko kulikonitisha.

Jioni Masanja akamwambia mama yake, "Mayu, nimwite fundi apasue huu ukuta. Waya zile ni za zamani mno."

"Umpasue baba yako?"

"Nipasue ukuta, Mayu."

"Yuko wapi kama si humo? Ndama kamchukua kwa sababu hajaonyeshwa wajina wake. Mfumu akija kutoka Ipililo, mtoto atawekewa kiganja ukutani, wajuane. Ukileta nyundo kabla ya hapo, anza na mimi."

Mfumu ni mganga wetu, yule anayewasemea waliotangulia. Na Masanja, mtu aliyeweza kumshika dume pembe akamlaza, akainamisha kichwa. Si dharau, mwanangu. Kumpinga mama juu ya marehemu baba yako ni mzigo mzito kuliko dume.

Mimi tangu usiku ule sikumweka mtoto chini. Alikuwa ndiyo kwanza anatambaa, na watoto wanaotambaa hupenda kuta. Mayu aliponiambia nimlete akazoeshwe, nikasema ana homa.

Akamshika paji. "Mbona wa baridi?"

"Homa ya ndani, Mayu."

"Hm. Homa ya ndani. Kwenu mna magonjwa ya kisomi."

Akaniacha, lakini jicho lake halikuniacha. Na uongo ule nitaukuta mbinguni nikiulizwa, nitasema ndiyo, niliusema, na ningeusema tena.

Mfumu akafika amepakiwa kwenye pikipiki, mzee mkavu, kofia imefunika masikio, analalamika barabara imemvunja kiuno. Mayu alikuwa amemimina tangu alfajiri, chini panateleza. Akamchukua mtoto mikononi mwangu, akamvua soksi. Nikafungua mdomo nipige kelele.

"Ngoja," mfumu akasema. "Mgeni husalimia kwanza."

Akagusa ukuta kwa mgongo wa vidole, akautoa mkono haraka. Akaitazama ile njia iliyoota majani, akanitazama mimi, akautazama ukuta tena.

"Mayu, huyu wa ukutani humshika nani?"

"Wote."

"Hata wasio wa ukoo?"

"Hata muuza samaki wa Lamadi alishikwa, akaacha kapu lake hapa."

"Jilala alimjua huyo muuza samaki?"

"Hapana."

"Mimi wafu nawajua," akasema mfumu. "Mfu huchagua. Huyu wenu hachagui. Masanja, kazime umeme wote."

Masanja akaenda kwenye mita akashusha swichi kubwa. Redio ya sebuleni ikakatika katikati ya wimbo. Mfumu akaweka kiganja chote ukutani, kisha akaweka na shavu. Hakuna. Akapaza sauti, "Washa!" Wimbo ukarudi, akagusa kwa kidole, kidole kikaruka.

"Ehe! Kumbe Jilala anazimwa kama redio?"

Alicheka peke yake. Halafu uso ukabadilika, akamgeukia mama mkwe kwa sauti ambayo sijamsikia mtu akimsemea nayo kabla wala baada. "Unamnywesha nyoka ili akue, halafu unamletea mjukuu amshike mkia. Mtoe mtoto hapo, Minza. Mtoe sasa hivi."

Nikamnyakua mtoto mwenyewe. Mayu akabaki na soksi mkononi.

"Basi mume wangu yuko wapi?" akauliza, sauti imekuwa ndogo.

Mfumu aligeukia mlango wa chumba cha nyuma. Ulikuwa wazi, ndani hamna mtu, nakuapia, chumba kizima nilikiona kwa macho yangu. Akavua kofia. "Mwadila, Jilala," akasema taratibu, hiyo ndiyo salamu yetu ya mchana. Akangoja, kama mtu anavyongoja anapojibiwa na mwenye sauti ndogo. Akatikisa kichwa, ndiyo, ndiyo. Kisha akavaa kofia.

"Anauliza mnangoja nini."

Akaondoka na kuku wake, maana alikuwa ameahidiwa, na njaa haina utani. Angeweza kuondoka na fahali, mwanangu, kama angekubali tu uongo wetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone.

Fundi akaja, akapasua. Mpira wa zile waya ulikuwa umekuwa unga, ukiugusa unamwagika kama jivu, shaba iko uchi kabisa, tena pale pale Mayu alipokuwa akimimina. Na palikuwa na panya aliyekauka, meno bado yameuma waya, midomo imefunuka kama anayetabasamu. Fundi mwenyewe aliweka nyundo chini kwanza, akaenda kunywa maji. Akatoa waya za nyumba nzima, akaweka mpya ndani ya paipu, akachimbia ardhini waya wa ethi unaopeleka udongoni umeme uliopotea, akafunga na ile swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja.

Plasta ilipokauka Mayu akatoka alfajiri kama kawaida yake. Nilikuwa mlangoni na mtoto. Akaweka kiganja ukutani, akakaa nacho muda mrefu.

"Hajibu," akasema. "Mkamwana, leo ndiyo amekufa."

Akakaa chini akalia kilio ambacho, waliniambia baadaye, hakukilia siku ya mazishi. Nikakaa naye.

Sasa mwanangu, nasaha yangu ni hii, na usiisome haraka. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mchelea ukuta ni vivyo hivyo. Taa kuwaka si ushahidi, kwetu ziliwaka mpaka siku ndama alipoanguka. Soketi ikipata joto, taa ikipepesa, ukisikia harufu ya mpira ulioungua au mkono ukisisimka ukutani, usitafute maana ya mbali, wala usiulizie kwa kumwagia maji. Zima umeme, vaa viatu, toa watoto nje. Na hata kama hujaona lolote kati ya hayo, waya za zamani zipimwe na fundi mwenye leseni, na akisema zitoke, zitoke, hata zile za ndani ya ukuta aliouegemea shangazi yako. Usipake rangi juu ya swali. Pasua, ulie, upige plasta. Marehemu hana haja ya ukuta ili akupende, ila mtoto wako ana haja ya ukuta usiomuua.

Mungu akupe nyumba ambayo watoto wako wataitambaa pembe zote bila wewe kuogopa. Waliotangulia wakusimamie mlangoni, wakuangalie bila kukushika, na ng'ombe wako wapite popote wapendapo.