Watu Wasiomeza Mate

Walimwita Koromeo, na wala hakuwa mlafi. Kazi yake ilikuwa kutafsiri sinema za kigeni kwenye banda la video la shemeji yake, mume wa dada yake. Anakaa kwenye stuli pembeni ya skrini, kipaza sauti mkononi. Mgeni wa kwenye sinema akifungua mdomo, yeye anamtolea Kiswahili cha mtaani. Wenzake wa kazi hiyo hutazama midomo. Yeye alitazama koo. Mtu kabla ya neno zito humeza mate, alikuwa akisema, na kabla ya uongo humeza mara mbili. Koo likipanda na kushuka tu, anaingia, na hakosei. Mafundi gereji na wachinjaji, wanaume wenye vifua vyao, walilia kwa sauti yake halafu wakasingizia vumbi.

Basi Jumamosi moja mchana shemeji akaja na sinema ya watu wa kompyuta. Si vikatuni vya watoto, alisema, hawa ni watu kabisa, vinyweleo unaviona, na kisa ni cha wakubwa: mume anamuuguza mkewe mpaka anakata roho. Ikipendwa ataleta nyingine, na nyingi zinakuja zimeshatiwa Kiswahili humo humo.

"Kwa hiyo usinitie aibu, shemeji," akamaliza. "Ukishindwa, hapo kwenye stuli yako naweka feni."

Sinema haijaenda mbali, Koromeo akaanza kuisogeza stuli mbali na skrini. Yule mume alikuwa na ngozi ya yai lililomenywa. Jasho lilimtoka, lakini lilikaa juu yake kama maji juu ya nailoni. Macho ya samaki wa juzi. Akicheka, meno yanacheka peke yake, mashavu hayana habari. Walipobusiana ilikuwa kama vipande viwili vya sabuni iliyolowa vimegandana, na Koromeo akajikuta anajifuta midomo kana kwamba aliyebusiwa ni yeye.

Mbaya zaidi, hawakuwa wanameza. Alisubiri koo la mume lipande, halipandi. Mume kashasema, kashanyamaza, kipaza sauti bado kimya. Watu wakaanza kunung'unika. Muuza samaki, mama mmoja wa benchi la nyuma asiye na breki mdomoni, akamuuliza kama amekimeza hicho kipaza sauti. Shemeji, mlangoni, alikuwa anaipima stuli kwa macho.

Ikafika sehemu ya kitandani, mke anamshika mume mkono amuage. Hapo Koromeo, woga huku kichefuchefu kule, akamtolea sauti nyembamba: "Mume wangu, nipake mafuta kidogo, plastiki inanikauka."

Banda zima likaangua kicheko. Akaona kapona, akakaza mwendo. Mgonjwa akaomba abadilishiwe betri, mume akawa anamtafutia swichi mgongoni. Shemeji alicheka mpaka akaisahau feni, akatangaza kwamba kesho wanarudia, hivyo hivyo.

Mmoja tu hakucheka. Fundi cherehani, aliyemzika mkewe mwezi uliopita, alibaki kwenye benchi la mbele wenzake wakitoka. Koromeo akamwendea, maana ni watani wa siku nyingi, akamuuliza kama na yeye anasubiri mafuta.

"Siku zake za mwisho alikuwa hivyo," fundi akasema. "Ngozi inang'aa. Macho yako wazi, hayaoni. Hata mate hamezi, namfuta mimi kwa kitambaa. Nilitaka kusikia yule mwanamke anasema nini, kaka. Wangu hakusema."

Jioni chakula kilimkataa Koromeo. Akamwambia mkewe ni ile mizoga ya kwenye sinema, na mkewe akamjibu kwamba mizoga angeiacha hukohuko, asiilete mezani. Hakuthubutu kumwambia kuwa mzoga uliomnukia zaidi ni ule utani wake mwenyewe.

Asubuhi alipita kwa fundi, akamsihi aje tena, akae mbele palepale. Banda lilijaa mpaka madirishani. Waliocheka jana walikuwa wamewaleta wenzao. Koromeo akaigeuza stuli, akaipa skrini mgongo. Maneno atayasikia; nyuso zile hakutaka kuziona tena. Shemeji akamuonyesha ishara ya feni, kidole kinazunguka hewani. Hakugeuka.

Ikafika kitandani. Watu wakajiweka sawa kucheka. Sauti ya kigeni ikasema nyuma yake, na yeye kimya, anamtazama fundi shingoni. Muuza samaki akaanza, "Plastiki..." jirani yake akamfinya.

Koo la fundi likapanda, likashuka.

"Nilikuwa nakusikia," Koromeo akasema taratibu. "Kila uliponifuta mdomo, nilijua ni wewe."

Kama yule wa kwenye skrini alisema hivyo kweli, anayejua kigeni akamuulize. Hakuna aliyecheka. Fundi aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika, na muuza samaki akapenga kamasi kwa kishindo. Shemeji, kule mlangoni, alisingizia vumbi.

Stuli ikabaki. Taa zilipowashwa Koromeo alipita mbele ya skrini amefumba jicho la upande ule, akatoka nje, akatema mate.