Mizizi Iliyotazama Mlimani

Siku ile naikumbuka kwa jua lake, mwanangu. Saa sita mchana, jua la kwetu Chemba ambalo hata kuku hulikimbia, nami nimeinama juu ya bomba la saladi, mizizi mkononi, na jasho linalonitoka ni la baridi.

Ngoja nianze mwanzo, maana naona unanitazama kama mwehu. Nilikuwa nimestaafu ukarani, mvi kichwani, lakini katika kilimo kile nilikuwa kijana wa juzi. Ujana si umri tu. Ni kujiona unajua. Nilijenga kitalu nyumba nyuma ya nyumba yangu, nikapanga mabomba ya plastiki yenye matundu, kila tundu na mche wake, bila hata chembe ya udongo. Maji yenye virutubisho yanapita kwenye mizizi, yanashuka tangini, pampu ya sola inayapandisha tena. Hoteli moja ya Dodoma mjini ilikubali kuchukua saladi zangu zote. Kilichonishinda ni maji. Visima vyetu vina chumvi, na mboga ya namna ile haiitaki. Miche ya kwanza iliungua ncha za majani, ya pili ikafa yote.

Maji matamu yalikuwa mahali pamoja tu, kisima kidogo cha mlimani ambacho kijiji kizima kinakitegemea kwa kunywa. Kina desturi yake. Unaomba kwa lugha yetu, ile yenye vidoko, sauti za kugonga ulimi, ambayo nyie watoto wa mjini mnaicheka, unachota kwa kibuyu, kisha unakaa pale pale mpaka maji yarudi kwenye jiwe jeupe, kama ulivyoyakuta. Ndipo unaondoka. Mwangalizi wake alikuwa Bi Hadija, mama mzee kuliko wazee wote niliowajua.

Nilimwendea, nikamwamkia, nikamweleza habari ya mpira wa kuteremsha maji. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Huo mpira wako utakaa kusubiri, baba?"

Nikacheka. "Mama, mpira hausubiri. Ndiyo faida yake."

"Basi atasubiri nani?"

Nilimwona ni mtu wa zamani, nikaaga. Alfajiri moja nikautandaza mpira wangu kati ya mawe, nikaufunika kwa majani makavu. Nisikufiche, niliiba.

Saladi ziliota, mwanangu, weee! Mpishi wa hoteli akanipigia simu: za Jumatatu iliyopita bado zimesimama mezani kama zimechumwa sasa hivi, ninazipa nini? Nikatamba. Lakini mbuzi wangu, ambao hutafuna hata kamba, niliwatupia majani ya pembeni wakayanusa, wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Ndani ya kitalu hapakuwa na inzi, wala nyuki, wala sisimizi. Na nikizima pampu nisafishe mabomba, nilisikia ndani yake kama mtu anavuta pumzi taratibu, kisha ananyamaza, kama anayesikiliza iwapo nimeondoka. Nikajiambia ni hewa. Dalili ya mvua ni mawingu, ila mwenye tamaa huyaita moshi.

Ndipo saa sita ile nikainua mche mmoja. Mizizi katika mabomba hulala kufuata maji yanakokwenda; nimeiona mwenyewe mara nyingi. Hii ilikuwa imegeuka. Nikainua mche wa pili, wa tano, wa kumi. Bomba kwa bomba, mizizi yote ilikuwa imelala kinyume cha maji, imenyooka kuelekea mlimani. Nikaigeuza ya mche mmoja kwa vidole. Nikiwa bado naitazama, ikarudi.

Nilipanda mlima mbio, na magoti haya haya unayoyaona. Kisima kilikuwa tope. Jiwe jeupe lilikuwa kavu kabisa, na kando yake alikaa Bi Hadija, kanga kichwani, midomo imepasuka. Kijijini watu walidhani ni ukame. Kumbe yeye alikuwa ameuona mpira, asimwambie mtu, akakaa siku tatu, wajukuu wakimletea uji.

"Shikamoo, mama. Unafanya nini hapa?"

"Marahaba. Nasubiri maji yako," alisema. "Aliyechota asiposubiri, lazima asubiri mwingine. Mimi nikichoka, watasubiri wenye kisima wenyewe, nao hawakai hapa, baba. Huenda kukaa kule maji yalikopelekwa."

Sikuuliza wenyewe ni nani. Niliukata mpira kwa panga mbele yake. Wajukuu zake wakambeba hadi nyumbani, nami nikakaa mahali pake.

Siku ya nne wakaja kuniambia amefariki. Sikwenda kumzika, maana maji yalikuwa hayajafika kwenye jiwe, na ningeondoka ningemwachia nani tena? Nilisikia dua ikisomwa bondeni, nikalia peke yangu kama mtoto aliyechapwa. Majuto ni mjukuu, mwanangu, na yangu hayajaacha kunitembelea. Siku ya tisa maji yaligusa jiwe. Nyuma yangu, upande wa kitalu changu, nikasikia watu wengi wakiinuka, viungo vikilia, kama waliochoka kukaa. Sikugeuka.

Wewe unataka kufungua kitalu chako, na sikukatazi. Changu bado kipo, nakinywesha maji ya mvua ninayoyakinga mwenyewe, na mavuno yake ni ya kawaida tu, yananyauka kama mboga za watu. Ila kabla hujachukua kilicho cha wengi, uliza ni nani atakayekaa mpaka kirudi. Ukiona hakuna, jua umeshamchagua mtu bila kumwambia, na mara nyingi ni mzee ambaye hatakulalamikia.

Haya, nenda. Mungu aibariki kazi ya mikono yako, akupe sikio la kusikia unapokatazwa kwa upole. Na siku ukikosea, maana utakosea, akujalie uwahi kuomba radhi wakati mwenye kukusamehe bado anaweza kukuitikia.