Maji ya Mama Mkwe

Asubuhi hiyo Mwongeli alikuwa hashikiki. Kesho ilikuwa ntheo yake: jamaa za Gedion wangeleta mbuzi wa kumposa, kama desturi ya Wakamba inavyotaka. Leo bado alikuwa fundi wa maji katika kitengo cha kusafisha damu mjini Mwingi, na aliyaimbia mabomba utadhani nayo yamealikwa.

Mifereji ya mji ilikuwa imekauka, lakini jana akina mama wa kanisa walileta lori la maji wakajaza tangi la kitengo. Kiongozi wao alikuwa Mama Katunge, mamake Gedion. Mgonjwa wa kwanza leo alikuwa mumewe, Mzee Musyimi, ambaye figo zake hazifanyi kazi tena; mkewe na akina mama wale walikuwa wamemsindikiza. Asiposafishwa damu leo, kesho haendi popote.

Mwongeli akakinga maji yaliyopita kwenye chujio la makaa, akatia kidonge cha kupimia klorini. Maji yakawa ya waridi. Klorini, tena nyingi! Akaacha kuimba, akamgeukia Mama Katunge.

"Mama, kuna kitu mliweka kwa tangi?"

"Ee! Mimi mwenyewe nilimwaga dawa ya maji, chupa mzima. Mgonjwa hawezi pewa maji chafu."

Kwa mnywaji, dawa ile haina neno. Lakini ndani ya mashine, maji na damu hutenganishwa na utando mwembamba tu, na klorini huivunja damu. Sasa nenda ukamwambie hivyo mama mkwe, mbele ya wenzake wa kanisa! Mwongeli alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Pole sana, Mama. Hii maji siweki kwa mashine. Itaua Mzee."

Mwongeli akafungua bomba la kumwagia. Ukambani maji hayamwagwi hivihivi! Akina mama walikurupuka na mitungi, wakisukumana, wakirowana, wakicheka hadi vilemba vikawavuka. Tangi lilipokauka, likajazwa upya kutoka kisima kidogo cha hospitali, kinachofunguliwa kwa dharura tu, na chujio likasafishwa.

Akapima tena. Kidonge kikayeyuka, maji yakabaki meupe pe! Mwongeli akapiga vigelegele peke yake, wauguzi wakamwitikia, na Mzee akaunganishwa na mashine.

Mama Katunge akasimama kando ya kitanda, nguo zikichuruzika.

"Baba Gedion, huyu msichana amekataa maji yangu mbele ya kanisa mzima."

"Nimesikia."

"Kesho tuongeze mbuzi."