Mbegu ya Mama kwenye Moshi wa Gesti

Mdogo wangu Scholastica alizaliwa Vidunda, akaolewa Vidunda, na angezikwa Vidunda kama masika ya mwaka juzi isingemegua kilima ikaondoka na nyumba yake. Mumewe Danieli, katekista wetu, alikuwa amefariki miezi minne kabla. Mwanawe Gabrieli akaja kumchukua, akampeleka Mikumi, kwenye gesti anayoisimamia pembeni mwa barabara kuu. Akampa chumba cha nyuma, namba tisa.

Mimi ndiye dada yake mkubwa. Nilitaka akae kwangu. Gabrieli akasema huku juu hospitali iko mbali, kana kwamba sisi wengine tunaishi huku bila miili.

Katika nyumba ile Scholastica aliokoa kitu kimoja tu: mahindi ya mbegu ya mama yetu, jozi kumi na mbili zilizofungwa kwa maganda yake, punje nyekundu. Siku hizi Vidunda wanapanda mbegu ya dukani. Mimi mwenyewe, naandika kwa aibu, yangu niliila mwaka wa njaa. Kwa hiyo ilibaki ya Scholastica peke yake. Na mbegu ile haikai kwenye mfuko. Hutundikwa juu ya mafiga, ipate moshi wa chakula cha nyumbani, fukusi wasiiguse mpaka mvua za Novemba. Mama hakuruhusu hata mlevi aingie jiko lenye mbegu.

Mwezi wa nane nikashuka kumtazama. Pale gesti wanapika kwa gesi. Choo kipo, lakini madereva wa malori wanakojoa ukutani, na mashuka yanaanikwa hapo hapo na madoa yake. Wasichana wanapita uani na khanga moja saa nne asubuhi. Mmoja alinisalimia, "Mambo!" Mimi, mwenye wajukuu kumi na mmoja. Sijamjibu mpaka leo.

Nikamkuta Scholastica amekaa karibu na pipa la kuchemshia maji ya kuoga wageni. Juu ya pipa, chini ya bati, alikuwa amefunga kamba, na mbegu ya mama inaning'inia. Stoo fukusi walishaanza kuingia, akaniambia, na moshi upo hapa tu.

Wakati huo akaja Lightness, msichana anayesafisha vyumba, akaniamkia vizuri, kisha akamwaga ndoo yake ya takataka motoni. Chupa za plastiki, pampasi, na kondomu zilizotumika, zimefungwa fundo. Zikayeyuka. Moshi mweusi ukapanda moja kwa moja kwenye mahindi ya mama.

Nilikwenda nyuma ya ukuta nikatapika. Niliporudi nikamwambia Scholastica ayashushe, ayachome yote, maana mbegu imeshaogeshwa uchafu wa watu wasiojuana hata majina. Nikamtaja mama, nikamtaja na marehemu Danieli. Aliniacha nimalize.

"Dada," akasema, "nimezika mume. Nimeona nyumba inakwenda na vyungu vyangu. Wewe yako uliila. Nikiichoma hii, utanipa nini?"

Nikachukua mkoba wangu, nikarudi Vidunda.

Alilofanya baadaye lilinikera zaidi. Alimwambia Lightness takataka ziende shimoni, na moto ule kuanzia siku hiyo ni wake. Mke wa katekista, anaamka alfajiri kuchochea kuni ili madereva waoge dhambi zao za usiku! Gabrieli alimsihi aache, watu watasema anamtumikisha mama yake.

"Waseme," akamjibu. "Wakimaliza waje waoge."

Lightness akaanza kuinjika maharage pembeni ya pipa, wakawa wanakula wote wawili pale pale uani. Niliambiwa hayo kwa simu. Chakula changu cha jioni kilinishinda.

Novemba Scholastica akaja Vidunda na jozi tisa. Tatu alikuwa amezitupa mwenyewe, zile zilizopigwa na moshi mweusi, na wala hakunitangazia, nilihesabu. Tulipanda kwenye shamba langu. Mimi nilichimba mashimo, yeye akatia punje, kwa sababu mikono yangu ilikataa kuzishika. Zikaota, safu nzima, kama zamani.

Mahindi yalipokuwa mabichi alikuja tena. Tukawasha moto kando ya shamba, akachoma, akala matatu. Mimi nikasema meno yananiuma. Alinitazama, akaendelea kutafuna.

Mwezi wa sita, yalipokauka, nilichagua jozi sita nzuri kuliko zote nikazitundika juu ya mafiga yangu, na nyingine sita nikamfungia. Akarudi nazo Mikumi kwenye pipa lake. Zangu zipo, nazipitishia moshi kila siku, na atakayezigusa atanitambua. Lakini kuyala mahindi yale, bado sijaweza.