Wekeni Vikombe Chini!

Sokoni walimwita Honi. Alikuwa muuza viatu vya mitumba, na akianza kunadi asubuhi, waliolala ng'ambo ya barabara walikurupuka wakidhani wamechelewa kazini. Lakini siku ya mkutano wake wa kwanza wa kampeni, sauti ilimkimbia. Alisimama mbele ya kipande cha kioo chumbani kwake, akajaribu kusema "Ndugu wananchi," ikatoka sauti ya kuku aliyeshikwa miguu.

"Wifi, unatetemeka," alisema wifi yake, akimfunga kilemba kwa nyuma.

"Sitetemeki. Nachemka."

Na kweli alikuwa anachemka, tena kwa moto wa zamani. Yeye na mumewe walianza biashara na meza moja langoni mwa soko, mahali ambapo kila anayeingia lazima apite. Meza ilipopata jina, mume akapata mke mwingine. Haikutosha. Akaenda kwa Diwani, wakanong'onezana, na meza ikaandikwa jina la mume peke yake. Honi akasukumwa nyuma kabisa, ubavuni mwa choo cha soko, choo chenye kufuli kubwa na funguo zisizojulikana anazo nani. Wateja wakawa hawamfikii ila waliopotea njia. Mume naye akapanda cheo, akawa mpambe wa Diwani, mbeba mkoba na mpiga makofi wa kwanza.

Honi alilia mpaka akachoka kulia. Kisha akasema, "Kama meza ya mtu inaondoka kwa kalamu ya diwani, basi na mimi naitaka hiyo kalamu." Watu wakadhani ni hasira tu. Lakini mgombea hupaswa kujua kusoma na kuandika, na yeye hakuwahi kukalia dawati. Akaingia darasa la jioni la watu wazima, akabanana na walinzi na madobi, mpaka akaweza kujaza fomu kwa mkono wake. Herufi zilikuwa zimelala upande kama walevi, lakini zilikuwa zake.

Wifi yake, dada wa yule yule mume, hakumwacha hata siku moja. Watu walipomuuliza anafuata nini kwa mtalaka wa kaka yake, alijibu, "Talaka ni yao wawili. Mimi hajaniacha mtu."

Kabla ya kampeni kuanza, wagombea wote waliitwa kwenye semina. Msimamizi wa uchaguzi, mama mwembamba asiyecheka ovyo, aliwasomea sheria ya gharama za uchaguzi. Kila unachotumia kiandikwe, kila unachopewa kitajwe, hata kama ni spika ya kuazima. Kisha akavua miwani.

"Wakati wa kampeni mgombea hagawi chakula wala kinywaji. Na akigawa mtu mwingine kwa niaba yake, naye akaona akanyamaza, basi ni yeye kagawa. Anaenguliwa. Na anayepokea huku anajua, naye ana kesi."

"Hata maji?" aliuliza Diwani, na ukumbi ukacheka.

"Hata maji, mheshimiwa."

Diwani akacheka kuliko wote, maana yeye alikwisha kugawa. Mabati, mashuka, sabuni, vyote viliingia majumbani mwa watu kabla kipenga cha kampeni hakijapulizwa. Wenye nacho huwa wanajua sheria inalala saa ngapi.

Honi alirudi akamwambia wifi yake, "Tusimpe mtu kitu. Umenisikia? Kitu chochote." Wifi akaitikia. Kumbe kila mmoja alikuwa na "kitu" chake kichwani.

Basi mchana ule uwanja nyuma ya soko ulifurika. Wauza nguo walifunga vibanda, wabeba mizigo wakageuza mikokoteni kuwa viti, wanawake wa mbogamboga wakaja wanaimba. Honi akapandishwa juu ya meza. Akashika spika, akaona nyuso zile zote zinamtazama yeye, yeye wa ubavuni mwa choo.

"Ndugu zangu," alianza, "nauliza swali moja tu. Nani hapa leo amejisaidia kwa starehe?"

Uwanja ulilipuka. Mwanamke wa nyanya alijipiga mapajani. Mbeba mizigo mmoja mwenye kofia ya sufu akapaza sauti, "Mimi tangu jana nimebana!"

"Basi bana kidogo tena mpaka siku ya kura!"

Sauti ikawa imerudi yote. Akaeleza jinsi wanavyotozwa ushuru kila asubuhi, huku choo kimefungwa kama hazina ya mfalme, na wanawake wanashinda bila kunywa maji kwa kuogopa haja. Watu waliitikia, walipiga miluzi, walimtupia vilemba miguuni. Alijiona anaelea. Mambo yanaenda! Jamani, mambo yanaenda!

Ndipo pua yake ikanasa harufu ya tangawizi.

Aligeuza shingo. Pembeni, chini ya paa la muuza mkaa, sufuria kubwa mbili zilikuwa zinatoa mvuke, na wifi yake, uso unang'aa kwa furaha, alikuwa anachota chai. Sinia zilikwisha kuanza safari kati ya watu. Vikombe vilikuwa mikononi, watu wanapuliza.

Na ng'ambo ya njia, kibarazani mwa duka la vifaa vya ujenzi, alisimama mtalaka wake. Simu ameiinua juu, meno yote nje.

Honi akakumbuka semina. Angeenguliwa. Kwa chai! Akaitupa spika, akavuta pumzi kutoka tumboni.

"Wekeni vikombe chini!"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani mwingine.

"Honi, hata sijapuliza!" alisema yule mwenye kofia ya sufu.

"Usipulize! Weka chini! Mama, weka chini! Wewe fundi baiskeli, nimekuona, teremsha mkono! Asinywe mtu!"

Kicheko kikakatika. Manung'uniko yakaanza. Mzee mmoja akajifuta mikono akaondoka, na wengine nyuma yake. Wifi akaja anakimbia, upawa mkononi.

"Unaniaibisha mbele za watu? Tumechanga majani wenyewe, wanawake wenzio!"

"Si nilikwambia tusimpe mtu kitu?"

"Chai si kitu, wifi! Chai ni kumwambia mtu karibu! Lini umeona hapa sokoni watu wameitwa wakaondoka midomo mikavu?"

Hapo Honi akaona kosa lilikopitia. Pale sokoni kweli hapakuwa na kikao kisicho na chai, cha msiba wala cha upatu. Aliyewaita watu bila chai alihesabiwa bahili mpaka kufa kwake.

"Na sukari? Sukari ya sufuria mbili mmeitoa wapi?"

Wifi akasita. "Kaileta kaka. Gunia zima. Alikuja asubuhi ulipokuwa unaoga, akaniambia amejuta, anataka kukusaidia lakini kimya kimya, usije ukakataa kwa hasira."

"Amejuta?" Honi akanyoosha kidole. "Hebu mtazame anavyojuta."

Wifi akageuka. Akamwona kaka yake, akaiona simu, akayaona na yale meno.

Honi akapiga magoti juu ya ile meza ili awe karibu na watu. "Ndugu zangu, nisikilizeni kabla hamjanichukia. Sheria inasema mgombea akiwanywesha watu chai, jina lake linafutwa. Sukari hii imeletwa na mtu wa Diwani, na yule pale anatupiga picha. Mkinywa, mimi sipo. Choo kitabaki na kufuli, na mimi nitarudi ubavuni mwake kuuza viatu."

"Kwa hiyo mgombea wetu anatunyima chai?" aliuliza fundi baiskeli.

"Nakunyima, tena mchana kweupe! Anayekupa chai leo atakunyima choo miaka mitano!"

Kisha mwanamke wa nyanya akakiweka kikombe chake chini, taratibu, kama anayelaza mtoto. Aliyefuata akaweka. Wakaweka wengine, safu kwa safu, na kila kikombe kilichogusa ardhi kilishangiliwa kama bao. "Weka chini! Weka chini!" Wakaimba wakipiga makofi, na waliokuwa wameanza kuondoka wakarudi kuona kuna nini. Honi alikuwa analia na kucheka kwa mkupuo mmoja.

Wifi hakuimba. Alichota kikombe, akakijaza mpaka ukingoni, akavuka njia. Watu wakampisha.

"Kaka, karibu chai."

"Ondoka hapa, wewe!" Mtalaka alirudi nyuma, simu bado juu.

"Kunywa, baba. Sukari si yako? Au unaogopa anayepokea naye ana kesi?"

"Mnyweshe! Mnyweshe!" uwanja ulipiga kelele, na simu za watu kumi, ishirini, zikamgeukia yeye. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatimua mbio kuzunguka duka, ndala moja ikabaki kibarazani.

"Ileteni huku," Honi alisema kutoka mezani, "nitaipatia mteja!"

Watu walicheka mpaka wakashikana mabega.

Lakini kesho yake wito ulikuja. Diwani alikuwa ameshitaki kwenye kamati ya maadili: mgombea kagawa chai, ushahidi upo. Honi aliingia ofisini na wifi yake. Msimamizi alikaa katikati ya wajumbe wake. Diwani alivaa suti, na mtalaka alikaa nyuma yake. Video ya simu ikaonyeshwa: sinia, mvuke, watu wanapuliza. Ikakatika hapo hapo.

"Mheshimiwa, imekatwa!" Wifi aliruka kitini, akatoa simu yake na nyingine alizokusanya sokoni. Wakaweka ya kwanza. Chumba kizima kikajaa sauti ya Honi: "Asinywe mtu!" Mjumbe mmoja akaziba masikio.

Msimamizi hakutabasamu. "Mgombea, kuna aliyekunywa?"

Honi angeweza kusema hapana. Diwani alikuwa anamtazama, akisubiri neno hilo.

"Mmoja. Yule mwenye kofia ya sufu. Alidai hajapuliza, kumbe alikwisha kumeza funda. Nimemgombeza."

Wajumbe wakainamiana. Walinong'ona muda mrefu. Mwisho msimamizi akavua miwani.

"Sheria inamwondoa mgombea aliyegawa, au aliyeona akanyamaza," alisema. "Hakugawa yeye. Na nimesikiliza simu zote hizi, sijamsikia aliyenyamaza. Anabaki. Na wewe bwana," akamgeukia mtalaka, "usiondoke. Tuzungumze habari za gunia la sukari, na nani alilinunua."

Diwani akasimama kwa haraka, akatazama saa yake, akasema ana kikao kingine. Mpambe wake akabaki kitini peke yake, anahema.

Honi hakungoja kusikia zaidi. Nje getini wanawake wa soko walikuwa wamejaa, bidhaa wameziacha zikilindwa na Mungu.

"Sema basi, umetuua!" walimlilia.

Alifungua mdomo, kwanza haikutoka hata pumzi. Kisha sauti ikatoka yote.

"Nimo! Nimo kwenye karatasi ya kura!"

Wakamdaka, wakamnyanyua juu juu, kiatu kimoja kikaenda kulia na kilemba kushoto. Naye huko hewani, mikono imetanuka, hakupoteza muda.

"Kesho saa nne, stendi!" alinadi. "Njooni wote! Na kila mtu ashibe kwao!"