Safari ya Makka Iliyoanzia Wamaza

Iko siku moja ambayo haijanitoka kichwani mpaka leo, mwanangu, na kila ninapoikumbuka huwa nacheka kwanza kabla sijaisimulia. Ni siku ambayo mama yangu mzazi, Mama Zaina, alisimama katikati ya soko la Wamaza, matope yamempanda mpaka usoni, akatangaza mbele ya watu wote kwamba yeye ni mwongo. Mimi nilikuwa mwali niliyeolewa karibuni, hina ya arusi bado inaonekana vidoleni. Nilitamani ardhi ipasuke nijifiche ndani. Leo ningefurahi kumwona tena akisimama vile, hata kwa kitambo kidogo tu.

Mama aliuza mawese katika soko la Kasongo. Watu walimjua kwa mambo mawili: kipimo chake kilijaa siku zote, na mdomo wake nao ulijaa. Basi mjomba wangu, aliyekuwa na biashara yake Kindu, akafanikiwa, akamletea habari: "Dada, mwaka huu utakwenda kuhiji." Mtaa mzima ulishangilia. Wakati ule mtu wa kwetu akienda Makka, habari zake zilifika mpaka Nyangwe kabla yeye mwenyewe hajafunga mizigo.

Kwetu anayekwenda kuhiji haondoki kimya kama mwizi. Huzunguka nyumba kwa nyumba akiomba radhi, kwa Waislamu na kwa Wakristo, kwa wakubwa na kwa wadogo. Nikamsindikiza mama. Ilikuwa kama sikukuu! Jirani yetu Mama Sifa, mke wa mwimbishaji wa kanisani, alimwambia, "Zaina, miye nimekusamehe yote. Lakini ile kuku yangu uliyoipiga jiwe ikawa kilema, hiyo utaiomba wewe mwenyewe." Mama akazunguka nyuma ya nyumba, akamfuata yule kuku anayechechemea, akamwomba radhi kweli. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mwalimu Sumaili, mzee aliyetufundisha Kurani wengi wetu. Tukaketi mkekani, tukaletewa chai. Mwalimu akauliza kwa upole, "Na Wamaza, ulishakwenda?"

Mama akaweka kikombe chini.

Ngoja nikueleze huko Wamaza kulikuwa na nani. Baba yangu alikuwa na wake wawili. Mama ndiye mke mkubwa. Wa pili alikuwa Mama Aziza, ambaye mimi nilimwita mama mdogo, mtu wa upande wa Kabambare. Baba aliugua tumbo, hakukaa sana, akafariki. Siku ya maziko, mama, kwa uchungu uliomzidi, alimnyooshea kidole mke mwenzake mbele ya waombolezaji, akasema, "Ni wewe ulimroga!" Lilikuwa neno moja tu. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Mama Aziza alifunga vitu vyake, akachukua watoto, akarudi kwao Wamaza, na lile neno likamfuata nyuma. Tulisikia kwamba huko walikuwapo watu wasiothubutu kunywa maji nyumbani kwake. Wazee wanasema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Mimi naona sababu yake ni hii: ukijikwaa kidole unaumia wewe, ukijikwaa ulimi anaumia mwenzako.

"Mwalimu," mama alisema, "Wamaza ni mbali, na barabara imekufa. Nitamwombea Aziza kule kule, mbele ya Kaaba."

"Zaina, mutoto wangu," mzee akajibu, "ukimkosea Mungu, umwombe Mungu. Yeye iko mwepesi wa kusamehe. Lakini haki ya Aziza iko mikononi mwa Aziza. Na Aziza hayuko Makka. Iko Wamaza."

"Mimi, mke mkubwa, nikamwinamie yule?"

Mwalimu hakupandisha sauti. "Siku ya Idi tutachinja mbuzi. Nyama tutakula sisi, ngozi tutaanika sisi. Kwa Mungu kitafika nini? Babu yetu Ibrahimu hakuambiwa atoe kitu kilichomchosha. Aliambiwa atoe kile alichokishika kwa mikono miwili. Je, wewe umeshika nini, Zaina?"

Chai ikapoa pale pale, na mama yangu alikuwa mtu asiyeacha chai.

Asubuhi yake akaja kunigongea. Amevaa kitenge chake kizuri kuliko vyote, kile cha sikukuu. "Salima, omba ruhusa kwa mumeo. Twende."

Tulipanda lori lililokuwa likifuata mpunga. Njiani lori likazama kwenye tope, dereva akakata matawi, akasukuma, akakata tamaa. Tukashuka, tukaendelea kwa miguu. Kwenye kijito mama aliteleza, akaketi chini chubwi! Nikaogopa atakasirika turudi nyumbani. Lakini alikaa hapo hapo kwenye tope, akakitazama kitenge chake, akaanza kucheka. "Unajua kwa nini nilivaa hiki? Nilitaka Aziza aone kwamba mimi bado ni mke mkubwa. Mungu amekichukua kabla hatujafika."

Tulimkuta mama mdogo uani kwake, anapepeta mchele. Alipotuona, ungo ukasimama hewani.

"Dada Zaina. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nakwenda Makka, Aziza. Nimekuja kukuomba radhi kwa lile neno."

Mama Aziza akarudia kupepeta, taratibu. "Lile neno ulilisema mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Na radhi unaniomba mbele ya nani?"

Mama akatazama huku na huku. "Mbele ya Salima."

"Basi leo ni siku ya soko," akasema mama mdogo. Akatua ungo, akafunga kitambaa chake kichwani, akatangulia bila kugeuka nyuma.

Mwanangu, tulimfuata mpaka sokoni, mama amenishika mkono. Alisimama kati ya wauza sombe, yale majani ya muhogo, na wauza samaki wakavu, akavuta pumzi.

"Watu wa Wamaza! Mimi ni Zaina, mke mkubwa wa marehemu Amisi. Nilisema Aziza alimroga mume wetu. Nilisema uongo! Aziza alimuuguza, alimlisha uji, alilala chini karibu na kitanda chake nilipochoka mimi. Mume wetu alikufa kwa siku yake. Kilichoroga ni ulimi wangu."

Halafu bibi mmoja aliyeuza samaki akatega sikio. "Mama, sema tena. Masikio yangu imezeeka."

Mama akasema tena, kwa sauti zaidi. Alipomaliza, mtu akapaza sauti toka mbali, "Huku nyuma hatukusikia!" Hapo watu wakaanza kucheka, na mama naye akacheka, machozi yanamtiririka, na huku anarudia kila neno bila kupunguza hata moja. Mama Aziza ndiye aliyemzuia. Alimfikia, akamfuta tope usoni kwa upindo wa kikwembe alichojifunga kiunoni.

"Dada, imetosha. Ukimaliza sauti yote hapa, kule Makka utamwitikia Mungu na nini?"

Vigelegele vilivyopigwa pale! Waislamu, Wakristo, hata waliokuja kununua chumvi tu na hawakujua habari yenyewe. Na yule bibi wa samaki akaacha biashara yake, akatufuata mpaka nyumbani kwa mama mdogo, akaomba maji ya kunywa. Alikunywa kikombe kizima amesimama mlangoni, ili kila anayepita amwone.

Idi ilipofika, mama alikuwa Makka. Tulidhani itakuwa Idi ya upweke. Kumbe tulipotoka kuswali tulimkuta Mama Aziza ameshafika, yeye na watoto wake, na mchele mpya wa Wamaza, na beberu mnene aliyesafiri juu ya mizigo akilalamika njia nzima. Yeye ndiye aliyesimamia jiko la mama yangu siku ile. Alikata mafungu kwa haki: hili la nyumba, hili la ndugu na majirani, hili la wasio na kitu. Sahani ya Mama Sifa alinituma niipeleke kabla sisi hatujaonja. Watoto wa mama wawili walikula katika sinia moja, wakigombania mifupa.

Mama aliporudi, watu walijaa kumwuliza aliyoyaona. Akasema, "Nimeona watu wengi, wote tumevaa kimaskini, hakuna aliyejua nani mke mkubwa na nani mdogo. Na tulipofika mahali pa kumrushia shetani vijiwe, wenzangu walikuwa wanamtafuta shetani mbele. Mimi nilimjua. Nilikuwa nimeshakutana naye Wamaza, amekaa ndani ya kinywa changu." Kisha akaniambia kando, "Salima, ndege ilikuwa rahisi. Kazi ilikuwa ile njia ya miguu."

Sasa, mwanangu, nimewaona wewe na wenzako mnatumiana picha za mbuzi kwenye simu, mnashindana wa nani ana pembe ndefu. Sikukatazi kufurahi, Idi ni furaha. Mnenepeshe mnyama wako, umchinje kwa huruma, ugawe kwa mkono mwepesi. Lakini kabla hujanoa kisu, keti peke yako ujiulize lile swali la Mwalimu: nimeshika nini? Pengine ni kiburi, pengine ni kisa cha zamani na ndugu yako wa Lusangi ambaye hamsalimiani. Hicho ndicho Mungu anachokungoja ukiachie. Makka si kila mtu atafika. Mimi mwenyewe umri huu sijafika. Lakini kila mtu ana Wamaza yake, na ya kwako huenda ni nyumba ya tatu tu kutoka hapa. Ukimkosea mtu mbele ya watu, mtake radhi mbele ya watu. Na ukiombwa radhi, usimwache mwenzako akauke sauti.

Mungu akupe miguu isiyoogopa tope, na ulimi unaojua kurudi ulikopotea. Akuite nyumbani kwake ukiwa umebeba radhi za watu, na usipofika, akuhesabie kila mlango ulioubisha kwa unyenyekevu. Idi yako iwe njema, wewe na wote watakaokula kutoka mkononi mwako. Amina.