Chaki Usoni

Fundi huyu alitengeneza majeneza miaka ishirini, na kwa ubishi hakuwa na mpinzani. Pacha wake, dereva wa lori, alimzidi urefu kwa inchi moja, kila mtu aliona hivyo, lakini fundi tangu utotoni aliapa kuwa wako sawa sawa.

Wakati wa chai, mkuu wa karakana huwagusa usoni yeye na mwenzake mpakaji vanishi, kwa kidole chenye chaki au kitupu, kisha husema, "Angalau mmoja wenu ana alama. Nani anajua yake?" Kila mmoja humwona mwenzake, hajioni mwenyewe. Fundi huiona chaki ya mwenzake, husubiri. Mwenzake kimya. "Basi na mimi ninayo," husema fundi. "Ningekuwa sina, huyu angeshajua kuwa mwenye alama ni yeye." Hashindwi, mjanja yule.

Asubuhi moja alikuta redio ya karakana imezimwa. Roho yake ilikuwa juu juu, maana pacha wake alikuwa safarini na tangu jana simu yake haipatikani.

"Hebu simama wima, ndugu yangu," mkuu akamwambia.

Akampima kwa futi, toka utosini hadi kisiginoni, kisha toka bega hadi bega.

"Mnanishonea suti?"

Hakuna aliyecheka. Mpakaji vanishi alirudia kupaka kifuniko alichokwisha kupaka.

Pale karakana, jina la marehemu huandikwa kwa penseli kwenye ubao wa kifuniko, upande wa ndani, kabla mbao hazijakatwa. Leo hapakuandikwa kitu. Fundi akawatazama nyuso kama kwenye mchezo wa chaki. Marehemu angekuwa mtu baki, wangemtaja. Ungekuwa mzaha, wangecheka. Wote wanajua, na kila mmoja anajua kuwa mwenzake anajua. Asiyejua ni yeye peke yake. Na ni maiti ya nani inayoweza kupimwa kwa mwili wake yeye?

"Shemeji amepiga simu saa ngapi?" akauliza.

"Alfajiri," mkuu akajibu, kisha akajiziba mdomo. "Lori lilipinduka. Alituomba tusikwambie mpaka baba yenu mdogo afike. Tusamehe."

Fundi akakaa juu ya maranda akalia kama mtoto. Baadaye akachukua penseli, akaandika jina la nduguye kwenye ubao wa kifuniko, akasoma vipimo vya mwili wake ambavyo mkuu aliviandika ukutani.

"Mkuu, ongeza inchi moja," akasema. "Alikuwa ananizidi."